Matema tena au bahari? Kwa sisi wa nyanda za juu, anza na mwezi

Kila mwaka ikifika Februari simu ya mdogo wangu huingia kutoka Iringa. Tukimaliza shikamoo na marahaba, na habari za watoto, huja swali lilelile: "Dada, mwaka huu tunarudi Matema, au tujikaze tukaione bahari?"

Zamani nilimjibu hapohapo. Matema, kwenye Ziwa Nyasa. Ndiko baba alikotupeleka tukiwa wadogo, enzi ambazo barabara ya kutoka Ipinda ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, tukafika tumekuwa rangi moja sote. Ndiko nilikojifunza kuogelea, nimeshikwa tumbo na shangazi. Naipenda ile fukwe kama mtu anavyopenda kwao.

Siku hizi kabla ya kumjibu namuuliza: unataka kwenda mwezi gani? Maana Matema ya Oktoba na Matema ya Aprili ni kama sehemu mbili tofauti, na bahari nayo ina miezi yake. Mtu anayechagua mahali kwanza halafu mwezi baadaye, anaweza kufika mahali anapopapenda akakaa siku tatu ndani ya banda akisikiliza bati.

Nitalinganisha Matema ya Kyela na fukwe za Unguja, kwa sababu hizo ndizo mbili tunazobishania nyumbani. Anayewaza Bagamoyo au Kigamboni asome habari za Unguja. Anga ni karibu lilelile, na anaokoa nauli ya boti.

Anga la Mbeya si anga la Matema

Hili ndilo kosa letu kubwa watu wa mjini. Mwanzoni mwa Mei, Mbeya mvua zimeshakatika, anga ni safi, asubuhi kuna kibaridi kitamu, mtu anasema kiangazi kimeanza, twende ziwani. Unatoka Uyole na jua, unapanda Isyonje, unaanza kushuka Kiwira. Tukuyu unakuta ukungu. Ukifika Kyela mvua inapiga kana kwamba hakuna aliyeiambia kuwa msimu umekwisha.

Sababu yake inaeleweka ukisimama Matema ukageuka nyuma. Pepo za kutoka kusini na kusini-mashariki hupita juu ya ziwa zikibeba unyevu. Zikifika kaskazini zinakutana na ukuta: milima ya Livingstone upande mmoja, mlima Rungwe wenye mita 2,960 mbele. Hewa inalazimika kupanda, inapoa, inaumwaga mzigo wake wote Kyela na Rungwe. Mbeya mjini iko nyuma ya huo ukuta. Ndiyo maana sisi tunapata milimita 900 hivi kwa mwaka na Kyela inapita 2,000, na ndiyo maana mpunga na kokoa vinastawi huko wakati huku tunalima mahindi na viazi. Ni mwendo wa saa tatu kwa gari, lakini umeshuka zaidi ya mita 1,200 na umebadilisha hali ya hewa kabisa.

Basi kabla hujafunga mizigo usitazame dirishani kwako. Piga simu kwa mtu aliye Matema. Mwenye nyumba ya kulala wageni, mvuvi, yeyote. Muulize jana mvua ilinyesha saa ngapi, na maji yana rangi gani. Swali la rangi ya maji ni muhimu kuliko la mvua, na nitaeleza kwa nini.

Pasaka: pote ni kubahatisha

Pasaka ya 2024 niliwapeleka watoto Matema kwa ubishi tu, kwa sababu tulikuwa hatujakwenda miaka miwili. Siku ya kwanza ilinyesha toka alfajiri. Siku ya pili jua lilichomoza saa tatu, watoto wakakimbilia majini, wakasimama pale kwenye ukingo wasiingie. Maji yalikuwa ya kahawia. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo ilikuwa imejaa na kumwaga udongo wa mashamba yote ya huko juu ziwani, na juu ya mawimbi kulielea matete, magogo na mgomba mzima wenye mizizi yake. Mwanangu wa mwisho aliniuliza kama tumekosea njia.

Nilijifunza pia kwamba mchanga wenyewe hupungua. Ziwa Nyasa halina kupwa na kujaa kama bahari, lakini lina mwaka wake: maji hupanda kufuata mvua, yakafika juu kabisa Aprili na Mei, kisha hushuka taratibu hadi Novemba. Tofauti ni kama mita moja katika mwaka wa kawaida. Mita moja ya kwenda juu, kwenye fukwe iliyolala, inakula hatua nyingi za mchanga. Palipokuwa na mti tunaotandika mkeka chini yake kila Oktoba, palikuwa na maji.

Mwezi uliofuata haukuwa mwepesi kwetu wala kwa watu wa pwani. Tarehe 14 Aprili tope lilishuka kutoka mlima Kawetere likafukia nyumba Itezi, hapahapa mjini Mbeya. Mei 4 kimbunga Hidaya kikatua Mafia, na vyombo vya kuvuka kwenda Unguja vikazuiwa. Rafiki yangu mmoja aliyekuwa amekwepa mvua za huku akaenda likizo ya bahari alikaa Dar siku mbili akingoja boti.

Kwa hiyo kwa Aprili hadi katikati ya Mei ushauri wangu ni mmoja: usitumie akiba yako ya mwaka. Pwani kuna masika, na Unguja hoteli nyingine hufunga kabisa kufanya matengenezo. Zilizo wazi hushusha bei, na ukiwa mtu wa kusoma kitabu barazani unaweza kufurahi. Ukiwa na watoto, baki nyumbani. Kama ni lazima uende, nenda Unguja, kwa kuwa huko mvua ikikatika saa moja maji ya bahari bado ni masafi, wakati Matema tope la mito huchukua siku kadhaa kutulia.

Juni hadi Agosti: hapa bahari inashinda

Najua itawauma wenzangu. Juni na Julai ndipo shule zimefungwa, ndipo Mbeya asubuhi maji ya ndoo iliyolala nje yanauma vidole, ndipo Makete na Njombe majani yanakuwa meupe kwa jalidi. Mwili wote unadai joto. Na Matema kweli kuna joto la kutosha mchana, jua zuri, mvua zimepungua.

Tatizo ni upepo. Miezi hii upepo wa kusini-mashariki, ambao wavuvi wa ziwa hili huuita mwera, huvuma kwa siku mfululizo. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 na Matema iko kwenye ncha ya kaskazini. Upepo ukianza kusukuma maji kule kusini, hakuna kinachoyazuia njia nzima. Mawimbi yanakua, yanakua, na yanakuja kufia kwetu. Nimekaa pale usiku wa Julai nikisikia kishindo chake hadi nikashindwa kulala. Asubuhi mitumbwi yote ilikuwa imevutwa juu ya mchanga, wavuvi wamekaa chini ya mwembe wakishona nyavu. Nilimwomba mmoja atupeleke Ikombe. Akanitazama, akatazama watoto, akasema, "Mama, ziwa leo lina watu wake." Sikumbembeleza, na nawaomba wasomaji wangu msiwabembeleze. Mvuvi akikataa pesa yako, amekupa kitu kikubwa kuliko pesa.

Bahari nayo ina upepo wake miezi hiyohiyo, kusi, lakini kisiwa kina pande mbili. Hapo ndipo tofauti ilipo. Kusi likivuma, pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, inachafuka, na ndiyo inayowafurahisha wale wanaoteleza juu ya maji kwa tiara. Wewe unageuka unakwenda Nungwi au Kendwa, au fukwe za magharibi, unakuta maji yametulia kama ya beseni. Matema huna pa kugeukia. Fukwe ni moja na inatazama kusini, upepo unakotokea.

Lakini uwe tayari kwa bei. Julai na Agosti ndio msimu wa wageni kutoka Ulaya, na vyumba vya Unguja hupanda. Nitarudi kwenye pesa.

Septemba hadi katikati ya Novemba: hii ndiyo Matema

Hapa ndipo ninapoandika kwa moyo wote.

Mwera umechoka. Mvua hazijaanza. Mito imepungua, haina udongo wa kumwaga, na maji ya ziwa yanakuwa maangavu hata ukisimama yakiwa kifuani unaona vidole vya miguu. Yana joto la nyuzi 25 au zaidi, hayana chumvi, ukitoka huwashwi na ngozi wala macho. Ukienda kwenye mawe chini ya mlima, na ukiwa na miwani ya kuogelea, unawaona wale samaki wadogo wa mawe, wa bluu, wa njano, wenye mistari, ambao wengi wao hawapatikani ziwa jingine lolote duniani. Mtu wa Mbeya anaweza kuishi miaka hamsini asijue kwamba watu wa Ulaya huwafuga samaki hao kwenye matangi ya vioo sebuleni, na sisi tuna ziwa zima saa tatu kutoka Uyole.

Mchanga ni mpana kuliko wakati wowote, kwa sababu maji yanakaribia kiwango chake cha chini. Ule mti wetu una kivuli na mkeka tena.

Na ni wakati wa vyungu. Wakisi wa Ikombe, ng'ambo kidogo kwa mtumbwi, hufinyanga mwaka mzima, ila chungu kinahitaji jua kikauke na siku kavu kichomwe, kwa hiyo kiangazi ndipo vinapopatikana vingi na vizuri. Jumamosi huletwa kwenye soko la Lyulilo, mwendo wa miguu kutoka fukwe ya Matema. Nenda mapema. Mama aliyeniuzia chungu changu cha kupikia maharage aliniona nakigeuzageuza kutafuta ufa kwa macho. Akakichukua, akakiweka juu ya kiganja, akakigonga kwa ukucha. Kikalia kama kengele ndogo. Akagonga kingine cha pembeni, kikatoa mlio mfu kama ubao. "Hicho usinunue hata nikikubembeleza," akasema, akakisukuma nyuma ya kanga yake. Nilimwambia ndaga, asante ya Kinyakyusa, akacheka kwa jinsi nilivyoitamka. Chungu kile kina mwaka wa saba jikoni.

Chakula cha msimu ni mbasa, samaki wa ziwa hili, wa kuchoma na wali wa Kyela. Sitaeleza harufu ya mchele wa Kyela kwa watu wa nyanda za juu; mnaijua.

Bahari Septemba na Oktoba nayo ni nzuri, lazima niseme kweli. Kusi linalegea, watu wa pwani wanaingia tanga mbili, kipindi ambacho pepo zinabadilishana zamu na bahari hutulia pande zote. Maji ni safi kwa kuzamia. Ukiwa na siku kumi na pesa, Unguja ya Oktoba haina lawama. Ila shule hufunga siku chache tu Septemba, na kwa siku nne au tano huwezi kutoka Mbeya ukaifaidi Unguja. Matema unafika kabla ya chakula cha mchana.

Joto tu ujiandae nalo. Oktoba na Novemba Kyela hupita nyuzi 30 na usiku haupoi sana. Chumba chenye feni na chandarua kizima ni bora kuliko chumba chenye televisheni.

Desemba hadi Februari

Matema mvua zimeanza lakini bado zina adabu: mara nyingi asubuhi ni jua, wingu linajikusanya mlimani mchana, linamwaga jioni. Panga kuogelea kabla ya saa saba. Unguja mvua za vuli huwa zinaishia, kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, linaingia, na Januari na Februari ni joto kali, jua, na upande wa mashariki bado una upepo; magharibi ndiko kunakotulia zaidi. Krismasi na mwaka mpya bei ya kule haishikiki. Mimi Desemba huenda Matema, na nikijaliwa kwenda bahari huchagua Februari.

Kupwa na kujaa, jambo ambalo wa ziwani hatulijui

Mara yangu ya kwanza Paje nilifika saa nane mchana na watoto wamevaa nguo za kuogelea tangu kwenye gari. Bahari haikuwepo. Ilikuwa imekwenda zake, zaidi ya kilomita moja mbele, imeacha mchanga mweupe, vidimbwi, na akina mama wakiinama kwenye vijiti vyao vya mwani. Mimi mtu wa Nyasa sikujua kwamba maji huondoka. Tulitembea hadi kwa mmoja wao, naye akatueleza kuwa siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hukimbia mbali zaidi, na siku za maji mafu hayasogei sana. Tangu hapo naangalia mwezi kabla sijachagua tarehe. Nungwi na Kendwa shida hiyo ni ndogo, unaogelea karibu saa zote.

Mama yule alisema pia kwamba maji yamekuwa ya moto kuliko zamani, na ile aina ya mwani inayolipa zaidi inakufa karibu na ufukwe, hivyo wenye uwezo wanasogea kwenye maji ya kina. Sikulisahau hilo, kwa sababu ni sauti ileile ninayoisikia kwa wakulima wa mpunga Ipinda: msimu hauji siku zake. Mvua iliyozoeleka kuanza Novemba inachelewa hadi Desemba, kisha inakuja yote kwa pamoja. Ratiba niliyoandika hapa ni ya miaka ya kawaida, na miaka ya kawaida inapungua. Ndiyo sababu siku hizi husoma utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla sijalipa chumba. Sisi wa msimu mmoja wa mvua tunatolewa utabiri wetu peke yetu, mbali na ule wa vuli na masika wa pwani. Wengi husikia ule wa Dar redioni wakadhani ni wao.

Njia na pesa

Kutoka Mbeya kwenda Matema: gari za stendi ya Nane Nane, unapita Tukuyu, unakunja Kikusya kuelekea Ipinda. Sasa ni lami hadi Matema. Ukiwa na gari lako ni saa tatu, pamoja na kusimama Kiwira kununua ndizi. Kwenda Unguja ni kilomita zaidi ya 800 hadi Dar, siku nzima ndani ya basi kupitia Kitonga na Mikumi, kulala, boti ya saa mbili, kisha gari hadi ufukweni. Ndege ya Songwe hukata hiyo siku moja ukiwa na uwezo. Kwa familia ya watu watano, nauli tu ya Unguja kwenda na kurudi inatosha kulala Matema usiku kadhaa na kula samaki.

Wa Iringa hesabu yenu ni tofauti. Toka hapo hadi Dar ni kama kilomita 500, na hadi Matema ni karibu sawasawa. Mko katikati hasa, kwa hiyo umbali usiwaamulie.

Afya, kwa kifupi lakini kwa uzito

Sisi tuliokulia kwenye baridi hatujazoea malaria, na Kyela malaria ipo mwaka mzima, zaidi wakati wa mvua. Chandarua, nguo ya mikono mirefu jioni, na ukipata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi, nenda ukapime siku hiyohiyo, usiseme ni uchovu wa safari. Ziwani pia kuna kichocho. Ogelea mahali penye mchanga na mawimbi, kaa mbali na matete, maji yaliyosimama na midomo ya mito, ambako kuna na mamba. Wiki kadhaa baadaye pima, dawa yake ipo. Baharini hofu yako ni mawe yenye shokomzoba, wale wanyama wa miiba, na viatu vya plastiki vinatosha.

Mwaka huu mdogo wangu aliposikia yote hayo alinyamaza kwenye simu, nikamsikia akimwuliza mkewe likizo ya Septemba inaanza lini. Watapanda basi la Mbeya siku ya kufunga shule, walale kwangu. Kesho yake tutatoka Uyole saa kumi na mbili asubuhi ili tufike kabla upepo wa mchana haujaamka. Nimeshampigia mwenye vyumba. Nimemwomba viwili vya upande wa mlimani, na nimemwambia nitapiga tena siku tatu kabla, kumuuliza maji yana rangi gani.